Utamaduni, Jinsia na Ramani ya Nyumba: Ulinganisho wa Lamu na Nalasi

Mpangilio wa nyumba za Waarabu na za Waswahili wa pwani huelezwa mara nyingi kuwa ni zao la sitara, yaani desturi ya kumhifadhi mwanamke dhidi ya macho ya wanaume wasio maharimu wake. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayajitoshelezi: yanabainisha nani anasitiriwa bila kuuliza nyumba ni ya nani.

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zinadhihirisha jambo hili. Mgeni wa kiume alipokelewa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe. Njia ya kuingilia ilipinda ili mpita njia asione kiwanda, yaani ua uliozungukwa na kuta. Baada ya kiwanda, vyumba vyembamba vilifuatana hadi ndani, chumba cha mke, chenye zidaka ukutani. Kadiri mtu alivyosogea huko, ndivyo idhini ya kuingia ilivyopungua. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio, kivuko kilichojengwa juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila kushuka mtaani. Hata hivyo, katika familia za waungwana, baba alimpa binti yake nyumba alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Aliyesitiriwa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba.

Nalasi, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, iko katika eneo la Wayao, ambao Uislamu uliwafikia hasa kupitia biashara na pwani. Ukoo wao hufuata upande wa mama, na kwa desturi mume huhamia kwa wakwe. Nyumba za dada hujengwa jirani, chini ya ulezi wa kaka yao mkubwa. Kundi hilo huitwa mbumba. Hapa nafasi ya mwanamke haionekani katika kuta za nyumba moja, bali katika ujirani wa nyumba kadhaa. Dini ni ileile, ramani ni tofauti.

Ulinganisho huu una uzito katika upimaji wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Lakini hati ikiandikwa kwa jina la mume peke yake, mahali ambapo mume ndiye mhamiaji, mke hubaki na sitara bila nyumba.