PIMA UPEPO, MZIGO UNGALI CHINI

Ndugu mfanyakazi, kazini sisi wote tunaogopa jiwe linaloanguka, kamba ya chuma iliyochakaa na waya wenye umeme. Lakini kuna adui mwingine asiye na rangi wala uzito, na watu hawamfikirii mpaka siku anapokamata mzigo juu ya vichwa vyao. Huyo ni upepo. Leo tunaeleza namna ya kuupima mbele ya kuinua malata, mabomba makubwa, mbao za kumiminia betoni ao vipande vya jengo.

Tutazame kwanza watu wanaoruka kutoka ndege kwa parashuti. Mtu akisha kutoka mlangoni, hawezi kurudi ndani. Kwa hiyo mambo ya upepo yanakatwa chini, mbele ya kupanda ndege. Katika inchi ya Marekani, mwanafunzi wa parashuti haruki ikiwa upepo wa chini unapita km 22 kwa saa. Na wenye ujuzi hawatazami upepo mara moja tu. Wanausimamia kwa dakika kadhaa, na wanahesabu kishindo kilicho kikubwa kuliko vyote.

Mzigo ulioinuliwa ni kama mtu yule aliyekwisha kuruka. Hautarudi chini kwa sababu wewe umepatwa na mashaka.

KITU KIPANA NI PARASHUTI

Wengi wanauliza: «Mzigo una uzito gani?» Ni ulizo zuri, lakini halitoshi. Sharti kuuliza tena: «Una upana gani?» Injini ya tani 2 ni kitu kilichokusanyika, upepo haupati pahali pa kuishika. Lakini ubao wa m 4 kwa m 2,5 una m² 10, na unashika upepo kama parashuti.

Upepo wa km 20 kwa saa ukipiga ubao ule sawasawa, unausukuma kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Ukifika km 40, usifikiri nguvu itakuwa kilo 40: ni karibu kilo 80. Ukifika km 80, nguvu inapita kilo 300. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Hakuna mtu mwenye kushika kamba ya kuongozea anayeweza kushindana na nguvu hiyo. Atavutwa, ataangushwa, ao atapondwa kwenye ukuta.

Tarehe 14 Julai 1999, mjini Milwaukee, Marekani, mashine kubwa sana ilikuwa ikiinua kipande cha paa la uwanja wa michezo, chenye uzito wa zaidi ya tani 400. Mashine ilianguka, na mafundi 3 wa chuma wakafa. Upepo wa siku ile haukuwa wa dharuba: ulikuwa karibu na km 32 kwa saa, na vishindo vya kupita km 40. Watu walikuwa wamefikiri juu ya upepo unaopiga mashine, lakini hawakuhesabu upepo unaopiga mzigo wenyewe.

KIKOMO KINATOKA WAPI?

Kila mashine ya kuinua ina karatasi yake ya mizigo, na humo kiwanda kimeandika kikomo cha upepo. Kwa mashine nyingi za magurudumu, kikomo ni karibu na m 10 kwa sekunde, ndiyo km 36 kwa saa. Lakini angalia: mara nyingi kikomo hicho kinahesabiwa kwa mzigo wenye upana wa m² 1 hivi kwa kila tani. Ubao wetu wa m² 10, ukiwa na uzito wa tani 2 na nusu, una upana mara 4 kupita hesabu hiyo. Basi kikomo kinakatwa nusu: si km 36 tena, ni km 18. Mzigo mpana na mwepesi ndio wenye hatari kuliko mzigo mzito.

Angalia tena namba ya kipimo. Vipimo vingine vinaonyesha mita kwa sekunde, vingine kilometa kwa saa. Ukisoma «10» na kufikiri ni kilometa, kumbe ni mita kwa sekunde, umekosa zaidi ya mara 3.

ALAMA ZA MACHO

Katika mwaka 1805, ofisa mmoja wa manuwari za Uingereza, Francis Beaufort, alitunga ngazi ya upepo kwa ajili ya mabaharia. Nyuma, alama za inchi kavu ziliongezwa. Zijue kwa kichwa:

— Moshi unapanda wima: hakuna upepo.
— Unasikia upepo usoni, majani yanacheza: km 6 hadi 11 kwa saa.
— Majani na vijiti vinatikisika bila kusimama, bendera nyepesi inafunguka: km 12 hadi 19.
— Vumbi na makaratasi vinaruka, matawi madogo yanatikisika: km 20 hadi 28.
— Miti midogo inayumba: km 29 hadi 38.
— Matawi makubwa yanatikisika, nyaya zinapiga mluzi: km 39 hadi 49.
— Miti mizima inayumba, kutembea kuelekea upepo ni shida: km 50 hadi 61.

Alama hizi ni za kukuamsha. Hazichukui nafasi ya kipimo kilichofungwa juu ya mkono wa mashine.

PAHALI PANAPODANGANYA

Upepo unaousikia usoni si ule unaopiga mzigo. Kwenye urefu wa m 30 kutoka chini, upepo unaweza kuwa na mbio mara moja na nusu kupita ule wa chini. Ndani ya shimo la wazi, kama yale ya Kolwezi, unaweza kuwa umetulia kabisa. Lakini mzigo ukipita tu ukingo wa shimo, upepo unaukamata mara moja. Kati ya majengo mawili pia upepo unabanwa na kuongeza mbio. Tazama njia yote ya mzigo, toka pahali unapoondoka hadi pahali utakapowekwa.

MVUA YA KWANZA

Huku Katanga, wakati wa kiangazi upepo unatoka zaidi upande wa kusini-mashariki, na mtu anauzoea. Hatari kubwa inakuja mvua inapoanza, katika Oktoba na Novemba. Wingu jeusi linamwaga hewa baridi. Hewa ile inapiga chini na kutawanyika mbele ya mvua. Inaweza kukufikia tone la kwanza halijaanguka, na jua lingali linakuwakia. Katika dakika chache upepo unageuka upande na kuongezeka mara mbili ao tatu.

Basi usingoje mvua. Ukiona wingu zito lenye ukuta wa vumbi chini yake, ao ukisikia ubaridi wa gafula, mzigo uwekwe chini. Ukisikia ngurumo, usianze kuinua kitu.

MBELE YA KUSEMA «INUA!»

1. Soma kikomo katika karatasi ya mashine, kisha uulize upana wa mzigo.
2. Soma kipimo kwa dakika kadhaa; andika kishindo kikubwa kuliko vyote. Hicho ndicho cha kufuata.
3. Tazama mbingu pande zote.
4. Funga kamba mbili za kuongozea. Usizizungushe mkononi wala kiunoni.
5. Watu wote waondoke chini ya njia ya mzigo.
6. Patana na ekipe: nani atasema «Simama!» na mzigo utawekwa wapi upepo ukibadilika.

Neno «Simama!» si la shefu peke yake. Kijana aliyefika kazini juzi akiona vumbi linakuja, aseme, na mwenye kuendesha mashine asimamishe bila kuuliza sababu. Shefu wa ekipe naye asimkemee mtu juu ya tahadhari, hata ikiwa upepo umepita bure.

Ndugu mfanyakazi, malata yaliyokawia chini leo yatapanda kesho asubuhi, upepo ukiwa umetulia. Lakini mtu aliyepondwa leo, kesho hatarudi kwa bibi na watoto wake. Pima upepo, mzigo ungali chini!