Ada ya Maegesho Huamuliwa Wapi? Safari ya Mswada wa Fedha wa Kaunti Hadi Mfukoni mwa Mwananchi

NAIROBI – Dereva anayefika katikati ya jiji la Nairobi saa moja asubuhi huchagua mahali pa kuegesha gari lake. Anayefika saa nne huzunguka. Hupita barabara ya Banda, akaingia Muindi Mbingu, akajaribu bahati karibu na City Market, na mara nyingi huishia katika maegesho ya jengo la kibinafsi anakolipa zaidi. Wa kwanza hulalamikia ada, wa pili hulalamikia uhaba wa nafasi. Malalamiko yote mawili yana chimbuko katika waraka mmoja, nao ni Sheria ya Fedha ya kaunti. Wananchi wengi huanza kuizungumzia sheria hiyo siku inapoanza kutekelezwa, wakati ambapo nafasi rahisi zaidi ya kuibadilisha imekwisha kupita.

Mamlaka ya kusimamia maegesho yako mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, sehemu ya pili, limezipa serikali za kaunti jukumu la uchukuzi wa kaunti, likataja waziwazi barabara za kaunti, taa za barabarani, pamoja na usimamizi wa magari na maegesho. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Hata hivyo, kifungu cha 210 kinaweka mpaka: hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo viwango vipya hupitia kwanza kwa wawakilishi wa wadi, ndani ya Bunge la Kaunti.

Kaunti nazo zina sababu ya kuzitazama ada hizi kwa makini. Katiba inazihakikishia kaunti zote 47 mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na Serikali ya Kitaifa, kwa kuzingatia hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Fedha nyingine hutokana na vyanzo vya kaunti yenyewe. Jijini Nairobi, maegesho ni miongoni mwa vyanzo vikubwa, pamoja na kodi ya ardhi na vibali vya biashara. Kila shilingi inayopunguzwa katika ada ya maegesho hulazimika kupatikana kwingine, ama huduma fulani ipunguzwe. Jambo hili hutajwa kwa nadra katika mijadala ya barabarani, ingawa ndilo swali la kwanza ambalo kamati ya fedha ya Bunge la Kaunti humuuliza anayetaka ada ishushwe.

Viwango vya Nairobi vimepanda na kushuka mara kadhaa tangu ugatuzi uanze. Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 ilipandisha ada ya gari dogo katikati ya jiji kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku. Mwaka 2018 ada hiyo ilishushwa hadi 200. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ikaja na kiwango cha shilingi 400, kilichopingwa mahakamani na watetezi wa watumiaji wa huduma. Sheria ya mwaka 2023 ikaweka shilingi 300. Kwa mfanyakazi anayeegesha siku 22 kwa mwezi, tofauti kati ya shilingi 200 na 300 ni shilingi 2,200 kila mwezi.

Mwaka huo wa 2023 ada haikupanda peke yake. Kuanzia tarehe 1 Julai, ushuru wa thamani ya ziada kwa bidhaa za petroli uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 kupitia sheria ya kitaifa. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2022, mfumuko wa bei ulikuwa umefika asilimia 9.6 kulingana na takwimu za Shirika la Kitaifa la Takwimu. Mwananchi huhisi mizigo hii kama mzigo mmoja, na ana haki ya kuhisi hivyo, kwa kuwa mfuko ni mmoja. Lakini anayetaka mabadiliko hana budi kutenganisha. Bei ya mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kila tarehe 14 ya mwezi, wala gavana au mwakilishi wa wadi hana uwezo wa kuibadilisha. Ada ya maegesho, ada ya soko, kibali cha biashara na ushuru wa mazao ni mambo ya kaunti. Malalamiko yakipelekwa mahali pasipohusika hubaki kuwa malalamiko tu.

Ni rahisi kudhani kwamba ada ya maegesho ni jambo la wenye magari, na kwamba wakazi wengi wa Nairobi, wanaofika kazini kwa miguu au kwa matatu, hawaguswi nalo. Safari ya gunia la viazi inaonyesha vingine. Lori linalotoka Nyandarua kuelekea Soko la Wakulima, ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti, huweza kulipa ushuru wa mazao linakotoka na ada ya soko linakofika. Ichukuliwe kwa mfano kwamba ada zote za njiani zimefika shilingi 5,000 kwa lori lenye magunia 100. Kila gunia limeongezewa shilingi 50. Gunia likiwa la kilo 50, ongezeko ni shilingi moja kwa kilo.

Shilingi moja si nyingi. Gharama kubwa zaidi huanza pale lori linapokosa mahali pa kusimama. Likiegeshwa mbali na lango la soko, magunia hushushwa na kupakiwa kwenye mikokoteni. Mpakuzi hulipwa, mwenye mkokoteni hulipwa, na anayepanga magunia ndani ya soko hulipwa. Lori likisubiri hadi jua lipande, safari ya pili ya siku hiyo hupotea. Wachukuzi wakimlipa kila mmoja shilingi 50 kwa gunia, na gunia likipita mikono miwili ya ziada, ongezeko limekwisha kuwa mara mbili ya ada zote za serikali katika mfano huo. Mama mboga wa Kawangware au Kayole hana namna ila kuliweka ongezeko hilo katika bei ya fungu. Mnunuzi wake, ambaye huenda hajawahi kushika usukani, ndiye anayelipia uhaba wa maegesho.

Ndiyo maana swali la kiwango cha ada halitoshi. Lazima liulizwe pia swali la namna ada inavyotozwa. Kwa miaka mingi ada ya kuegesha kando ya barabara za katikati ya Nairobi imekuwa ya siku nzima. Aliyesimama dakika 20 kununua dawa hulipa sawa na aliyeliacha gari tangu asubuhi hadi jioni. Matokeo yake ni kwamba gari la asubuhi halina sababu ya kuondoka, na nafasi ambayo ingeweza kuhudumia wateja kadhaa wa maduka hutumiwa na mtu mmoja. Wafanyabiashara wanaolalamika kuwa wateja wamehamia maduka makubwa ya nje ya jiji, yenye maegesho yake, wana hoja yenye uzito hapa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 120, inaitaka kila kaunti kuwa na sera ya ada na bei za huduma. Miongoni mwa misingi iliyowekwa ni kwamba watumiaji watendewe kwa usawa, na kwamba kiasi anacholipa mtumiaji kwa kawaida kilingane na kiasi anachoitumia huduma. Ada ya saa inaukaribia msingi huo kuliko ada ya siku. Hata hivyo si dawa ya bure. Huhitaji mfumo unaojua gari limefika lini na limeondoka lini, na humwangukia kwa nguvu mfanyakazi anayeishi mahali ambako matatu za kuaminika ni chache. Kaunti inayoanzisha ada ya saa bila kushughulikia usafiri wa umma itakuwa imehamisha tu mzigo kutoka bega moja hadi jingine.

Zipo pia hatua zinazopunguza nafasi za magari kwa makusudi. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli ilibadilishwa ikawa ya upande mmoja, njia za watembea kwa miguu zikapanuliwa, miti na viti vikawekwa. Waliokuwa wakiegesha hapo walipoteza nafasi, nao wapita njia wakapata. Uamuzi wa aina hiyo ni wa kisiasa kwa maana halisi ya neno: ardhi ya barabara haiongezeki, na lazima mtu aamue nani aitumie.

Uamuzi huo hufuata kalenda inayojulikana. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kisha, katika muda usiozidi siku 90 baada ya kupitishwa kwa mswada unaoidhinisha matumizi, Bunge la Kaunti hutakiwa kuujadili na kuuidhinisha Mswada wa Fedha, ukiwa na marekebisho au bila marekebisho. Kwa kawaida, basi, miezi ya Julai, Agosti na Septemba ndiyo yenye uzito. Viwango vyote huorodheshwa katika majedwali yaliyo mwishoni mwa mswada: gari dogo, pikapu, lori, matatu, kibanda, meza ya sokoni.

Katiba, katika vifungu vya 196 na 201, inataka umma ushirikishwe, na Mahakama imeonyesha kuwa sharti hilo si pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kaunti zimekuwa zikitangaza mikutano ya wadi na kupokea maoni kwa maandishi kupitia Karani wa Bunge la Kaunti. Kinachopungua mara nyingi ni wahudhuriaji, na kinachopungua zaidi ni mswada wenyewe mikononi mwa waliohudhuria. Mtu hawezi kuchangia jedwali asilolisoma. Kaunti inayotoa ilani siku chache kabla ya mkutano, bila nakala za mswada, hujiweka katika hatari ya kurudi mahakamani.

Maoni yanayosaidia huitaja ada kwa jina na mahali ilipo katika jedwali, hueleza inamgharimu nani, na hupendekeza kiwango au utaratibu mbadala. Chama cha wachuuzi kinachoandika kwamba lori za mazao zitengewe nafasi ya kushushia mizigo kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi huipa kamati kitu cha kuandika katika marekebisho. Kauli kwamba maisha yamekuwa magumu ni ya kweli, ila haina kifungu cha kuingizwa.

Aliyepitwa na kipindi hicho hajafungiwa mlango kabisa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti ili litunge, lirekebishe au lifute sheria iliyo chini ya mamlaka yake. Anayetaka kujua ni kiasi gani kilichokusanywa kwa maegesho, na kilitumika wapi, anaweza kuomba taarifa hizo kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi husika kujibu ndani ya siku 21. Aliyenyimwa ana siku 30 za kuiomba Tume ya Haki ya Utawala iupitie uamuzi huo.