Mtoto wa Askari Asiyeweza Kusoma: Tengeru ya Jana na ya Leo

Kila mwaka, maandalizi ya Komunyo ya Kwanza yanapoelekea mwisho, makatekista wengi hukutana na mtoto mmoja au wawili ambao sala wanazijua, nyimbo wanaziimba, na maswali ya mdomo wanayajibu vizuri. Lakini wakipewa kitabu wasome aya moja, huduwaa. Wenzao hucheka. Mzazi akiitwa, jibu lake mara nyingi ni lile lile: huyu ni mvivu. Na mzazi huyo akiwa askari, mtu aliyelelewa katika amri na utii, jibu hilo huweza kufuatwa na fimbo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu hilo halitoshi. Tutaanzia karibu na nyumbani, pale Tengeru, ambako miaka zaidi ya 80 iliyopita waliishi maelfu ya watoto wa familia za wanajeshi waliokuwa nyuma sana kimasomo, na ambako leo kuna chuo cha serikali kinachowaandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Wanaosafiri kati ya Arusha na Moshi wanaifahamu Tengeru kwa soko lake, kwa migomba na kahawa, na kwa Ziwa Duluti. Wasiofahamu ni wengi kwamba ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi yapatayo 150 ya Wapoland, yamepangwa safu kwa safu, yenye misalaba. Walifikaje huku chini ya Mlima Meru?

Septemba 1939 Poland ilivamiwa kutoka pande mbili, Ujerumani ikiingia kutoka magharibi na Umoja wa Kisovyeti kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovyeti waliziondoa kwa nguvu familia nyingi katika maeneo waliyoyateka. Waliolengwa kwanza walikuwa pamoja na familia za askari wa zamani waliopewa mashamba upande wa mpakani. Aprili mwaka huo huo zikafuata familia za maofisa wa jeshi na za polisi waliokamatwa. Kosa la mtoto lilikuwa kwamba baba yake alivaa sare. Watu hao walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Urusi ya kaskazini na Kazakhstan, ambako mama alikata magogo msituni au kufanya kazi shambani, na mtoto akajifunza jambo moja tu: namna ya kupata mkate.

Julai 1941, baada ya Ujerumani kuwageukia Wasovyeti, yalifanyika mapatano yaliyowaachia Wapoland huru na kuruhusu jeshi lao liundwe chini ya Jenerali Władysław Anders. Jeshi hilo lilipovuka Bahari ya Kaspi kwenda Iran mwaka 1942, lilivuka pamoja na wanawake na watoto, maana kuwaacha kulimaanisha kuwaacha wafe. Askari wakaendelea na vita hadi Italia, ambako tarehe 18 Mei 1944 waliiteka Monte Cassino, kilima cha ile monasteri ya Mtakatifu Benedikto. Familia zao zilitawanywa, na zaidi ya watu 18,000 wakaletwa Afrika: Masindi na Koja huko Uganda, Rhodesia ya Kaskazini, na kwetu Tanganyika, yaani Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro na Tengeru. Kambi ya Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikiwa na watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto wakiishi katika nyumba ndogo za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi.

Hapa ndipo suala letu linapoanza hasa. Mtoto aliyeondolewa nyumbani akiwa na miaka saba, akafika Tengeru akiwa na miaka kumi au zaidi, alikuwa amepoteza ile miaka ambayo kwa kawaida mtoto hushika kusoma na kuandika. Baadhi walikuwa wamepita katika shule za Kirusi wakijifunza herufi ambazo si za lugha yao. Wengi walikuwa wameugua homa ya matumbo na kuhara damu, na walikuwa wamemzika mdogo wao au mama yao njiani. Njaa ya muda mrefu hudhoofisha kumbukumbu, na hofu hula usikivu. Mtoto anayeamka usiku akipiga kelele hawezi asubuhi yake kukaa ametulia mbele ya ubao. Kwa hiyo mkubwa wa miaka kumi na miwili aliweza kujikuta benchi moja na wa miaka minane, na aibu ya jambo hilo kila mzazi anaweza kuipima mwenyewe.

Jambo linalostahili kukumbukwa ni jinsi wakubwa wa kambi walivyolipokea tatizo hilo. Hawakungoja majengo wala vitabu. Walimu waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache, hivyo akina mama waliokuwa na elimu ya kutosha walijitolea kufundisha. Vitabu vya Kipoland vilichapwa Yerusalemu, ambako jeshi na wakimbizi wenzao walikuwa wameanzisha uchapaji, na vikasafirishwa hadi Afrika. Polepole Tengeru ikapata shule za msingi na sekondari, shule za ufundi na kilimo, hata mafunzo ya muziki. Chama cha skauti kikawapa watoto utaratibu wa siku na rafiki wa kumtegemea. Kwa maoni yangu, siri ya mafanikio yao iko hapo: hawakumuuliza mtoto kwa nini hajui, walimuuliza ameishia wapi, kisha wakaendelea kutoka hapo.

Mwaka 1947 alifika Tengeru Padre Łucjan Królikowski, Mfransisko Mkonventuali. Alizaliwa mwaka 1919 na kulelewa kitawa Niepokalanów, ile nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu Maksimiliani Maria Kolbe. Yeye pia alipelekwa uhamishoni Urusi, yeye pia alivaa sare katika jeshi la Anders, kisha akasoma teolojia Beirut na kupewa Daraja Takatifu huko mwaka 1946. Aliwaelewa watoto hawa kwa sababu njia waliyopita aliipita. Kambi zilipoanza kufungwa, yatima walikuwa hawana pa kwenda: baba alikufa vitani au hakujulikana alipo, na mashariki ya Poland walikozaliwa ilikuwa sasa mali ya Wasovyeti. Mwaka 1949 Padre Łucjan aliondoka na yatima wapatao 150, akapita nao Italia na Ujerumani hadi Kanada, ambako Askofu Mkuu Joseph Charbonneau wa Montréal alikuwa amekubali kuwapokea. Serikali ya kikomunisti ya Poland ililalamika kwamba watoto wameibwa. Watoto wenyewe waligawanywa katika shule za watawa na kuanza upya kwa mara nyingine, safari hii kwa Kifaransa na Kiingereza.

Baadaye padre huyo aliandika kitabu juu yao, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Utoto Ulioibwa". Aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2019 huko Marekani. Kitabu hicho kina thamani kwetu kwa sababu kimeandikwa na mtu aliyekaa na watoto mezani, darasani na kwenye kitubio, na si na mkaguzi aliyekuja siku moja na karatasi zake.

Sasa tuitazame hali ya leo kwa utulivu, maana kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya. La kwanza ni ugumu unaoletwa na maisha: shule iliyokatika, njaa, ugonjwa, msiba, kuhamahama. Huo ndio ulikuwa ugumu wa wengi wa watoto wa Tengeru, nao huweza kupungua sana mtoto akipata usalama, chakula na mwalimu mvumilivu. La pili ni ugumu ambao mtoto anazaliwa nao, hata kama nyumba ina amani na chakula tele. Unaojulikana zaidi ni disleksia, ambapo ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti. Daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliuelezea mwaka 1896 kwa habari za kijana mwenye akili nzuri ambaye, pamoja na kufundishwa miaka mingi, kusoma kulimshinda. Hali hii mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Haitokani na laana, wala na uzembe wa mama, wala na upungufu wa akili. Na fimbo haiiondoi.

Katika nchi yetu kuna jambo moja linaloificha hali hii. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Katika lugha za namna hiyo, kama Kiitaliano, mtoto mwenye disleksia hukosea maneno kidogo tu. Tatizo lake huonekana zaidi katika mwendo. Atasoma silabi moja moja, sahihi, lakini taratibu mno, na akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi husikia "amesoma" na kuendelea na mwingine. Kisha mtoto huingia sekondari, masomo yanakuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazitabiriki, na yule aliyekuwa akijikongoja huanguka kabisa. Wazazi husema, "Msingi alikuwa anafaulu, sekondari kaharibiwa na makundi." Pengine hakuna kundi lolote.

Familia ya mwanajeshi ina mzigo wa ziada. Mkoa wetu una kambi, na una Chuo cha Kijeshi pale Monduli. Waamini wengi wa parokia zetu ni askari au wake na waume wa askari. Uhamisho ukija, mtoto hubadili shule katikati ya muhula, na mwalimu aliyeanza kumfahamu hubaki nyuma. Baba au mama akipelekwa nje katika ulinzi wa amani, mtoto hubeba hofu asiyoweza kuitaja. Zaidi ya hayo, nidhamu ya jeshi ni jambo jema sana, nami naiheshimu. Lakini katika kwata kila mmoja hugeuka kwa sauti moja na kwa wakati mmoja, ilhali katika kujifunza kusoma hakuna watoto wawili wanaogeuka pamoja. Askari anayemdai mwanawe mwendo wa kikosi anamdai kitu ambacho si cha mahali pale.

Mama Kanisa analo neno juu ya hili, na si neno la kufariji tu. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alizaliwa mwaka 1786, na Mapinduzi ya Ufaransa yakamvurugia masomo ya utotoni. Alianza Kilatini akiwa kijana wa miaka kama ishirini, kikamtesa vibaya. Mwaka 1809 aliitwa katika jeshi la Napoleon, akaishia mafichoni. Aliporudi, seminari ya Lyon ilimwona hafai. Paroko wake, Padre Balley, hakumwacha: alimfundisha nyumbani na kumwombea aulizwe mitihani kwa Kifaransa, lugha aliyoielewa. Mwaka 1815 alipewa upadre. Angalia kilichobadilika: imani na mafundisho havikupunguzwa, bali njia ya kuulizwa.

Sheria za Kanisa zinafuata mwelekeo huo huo. Kanuni ya 913 inamtaka mtoto anayepokea Komunyo ya Kwanza awe ameandaliwa vema na alielewe fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wake. Haitaji kusoma wala kuandika. Kanuni ya 777 inamwagiza paroko ahakikishe kwamba wenye ulemavu wa mwili au wa akili nao wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Kwa hiyo katekista anayemrudisha mtoto nyuma mwaka mzima kwa sababu tu kitabu kimemshinda, wakati moyoni mafundisho anayo, anamwekea sharti ambalo Kanisa halikumwekea. Mtoto huyo aulizwe kwa mdomo, asimulie mfano wa Mwana Mpotevu kwa maneno yake, na asilazimishwe kusoma somo mbele ya kusanyiko bila maandalizi.

Kwa upande wa mzazi, hatua ya kwanza ni macho na masikio kupimwa hospitali, kwani watoto wengine huitwa wazito kumbe hawaoni ubao. Vikiwa salama, mzazi azungumze na mwalimu wa darasa, kisha na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, ambaye anajua ni shule zipi zina mwalimu aliyesomea kazi hii. Chuo cha Ualimu Patandi, kilichopo hapo hapo Tengeru, kinafundisha walimu wa elimu maalumu, na wahitimu wake wanafanya kazi katika shule mbalimbali nchini. Aende na madaftari ya mtoto ya miaka miwili au mitatu, maana daftari husema kuliko maelezo. Na familia ya askari inapopata uhamisho, mzazi aombe kwa mwalimu anayeachwa barua fupi: mtoto ameishia wapi, anasoma vipi, nini kinamsaidia. Barua hiyo isifungiwe ndani ya masanduku ya mizigo, bali ibebwe mkononi pamoja na cheti cha ubatizo, ili ikabidhiwe siku ya kwanza katika shule mpya.