Dawa, Sumu na Mabaki: Upimaji wa Kemikali Zinazodumu katika Bonde la Pangani

Magoma iko katika bonde la mto Lwengera, wilayani Korogwe, baina ya milima ya Usambara ya Magharibi na ile ya Usambara ya Mashariki. Maji yanayopita hapo hutoka juu milimani, ambako wakulima hulima mboga na kahawa, yakatelemka mpaka nchi tambarare ya mahindi, mpunga na mkonge, kisha yakaungana na mto Pangani karibu na mji wa Korogwe na kuelekea Bahari ya Hindi. Basi yeyote anayetaka kujua habari za kemikali zinazokaa katika ardhi kwa miaka mingi hana budi kuanza na jambo hili la kawaida, kwamba maji hayajui mipaka ya wilaya wala ya nchi. Sehemu ndogo ya maji ya Pangani huanzia upande wa Kenya, katika nchi ya Taveta na ziwa Jipe, na kinachotiwa shambani huko chaweza kukutwa katika tope la mto huku chini.

Mkoa wa Tanga una historia ndefu katika jambo hili, na yamkini mrefu kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wadachi walianzisha chuo cha uchunguzi wa mimea na kilimo mwaka wa 1902. Baada ya Vita vya Pili mahali hapo palikuwa makao ya wataalamu wa malaria waliozitumikia nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kazi yao iliyojulikana zaidi ni ule mpango wa Pare na Taveta wa miaka ya 1955 hadi 1959. Nyumba za pande zote mbili za mpaka zilipigwa dawa iitwayo dieldrini kwenye kuta na dari, mara kwa mara, ili mbu atuaye ukutani baada ya kunyonya damu afe kabla ya kuambukiza mtu mwingine. Kituo cha Arusha, ambacho baadaye kilikuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya Kitropiki, kilishiriki katika kazi hiyo.

Matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila mtu anayependa ushirikiano wa nchi hizi. Katika Pare ya Kusini mbu wa jamii ya Anopheles funestus walitoweka majumbani, na nafasi yao ikachukuliwa na ndugu zao waitwao Anopheles rivulorum, ambao aghalabu huwafuata wanyama kuliko watu. Habari hiyo ilitangazwa mwaka wa 1960. Malaria ilipungua sana. Lakini hesabu za wakati ule zilikuwa hasa za mbu, za watoto wenye vijidudu katika damu, na za wengu zilizovimba. Hapakuwa na hesabu ya dieldrini yenyewe, ilikokwenda baada ya kuanguka kutoka ukutani pamoja na vumbi, wala kiasi chake kilichoingia katika kuku aliyedonoa vumbi hilo. Haifai kuwalaumu wataalamu wa siku zile, kwa kuwa vyombo vya kupimia kiasi kidogo namna hiyo vilikuwa bado vichache duniani. Hata hivyo pengo lile halikuzibwa upesi vyombo vilipopatikana.

Kemikali zenyewe zina tabia tatu zinazozitofautisha na nyingine. Kwanza haziozi upesi. Nusu ya DDT iliyotiwa katika udongo wa nchi za baridi yaweza kubaki humo kwa miaka miwili hata kumi na mitano. Vipimo vilivyofanywa katika udongo wa Kenya vimeonyesha kuwa jua kali na joto hufupisha muda huo mpaka ukahesabiwa kwa miezi, ingawa sehemu ya hiyo inayopotea haikuoza bali imepaa hewani tu na kwenda kuanguka mahali pengine. Pili, haziyeyuki katika maji bali katika mafuta, na kwa hiyo hujikusanya katika minofu ya samaki, katika maziwa, na katika mwili wa mtu, kila mla akizidi alichokula. Tatu, husafiri. Mabaki ya dawa ambazo hazikupata kutumika katika nchi za theluji za kaskazini yamekutwa katika miili ya watu wa huko.

DDT inapooza hubadilika kuwa kitu kingine kiitwacho DDE, na hiki hudumu zaidi kuliko mama yake. Faida yake kwa mpimaji ni kwamba uwiano wa viwili hivyo humwambia umri wa uchafu: DDE ikiwa nyingi, uchafu ni wa zamani, DDT ikiwa nyingi, kuna mtu aliyeitumia karibuni, au kuna ghala linalovuja.

Na maghala yanayovuja yamekuwako. Habari ya Vikuge, katika Mkoa wa Pwani, ni mashuhuri miongoni mwa wakemia. Mwaka wa 1986 ililetwa huko shehena ya dawa za kilimo iliyokuwa msaada kutoka Ugiriki, na sehemu yake ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Iliwekwa katika banda lisilo na kuta, na banda hilo baadaye likaanguka. Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Kisha wachunguzi wakaenda kupima udongo, na taarifa yao iliyotoka mwaka wa 2004 ikaeleza kwamba udongo wa juu mahali fulani ulikuwa na DDT na mazao yake kufikia sehemu 28 katika 100, na HCH sehemu 6 katika 100. Kwamba sumu ilikutwa hata sentimita 50 chini. Na kwamba maji ya karibu yalikuwa na kiasi kifikacho mikrogramu 30 katika lita moja. Udongo ambao zaidi ya robo yake ni DDT haufai tena kuitwa udongo uliochafuka. Wachunguzi wale walisema wazi kuwa umekuwa wenyewe taka ya hatari.

Miongoni mwa mahali pengine palipotajwa pamoja na Vikuge ni Old Korogwe, palipokuwa na akiba ya dawa za namna hiyo hiyo. Hapo si mbali na mto, na ndiyo sababu habari hizi zinaihusu Magoma na jirani zake. Tope la bonde zima la Pangani lilipimwa na wakemia wa Tanzania kwa kushirikiana na wenzao wa Ubelgiji, na matokeo yakatangazwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mabaki ya jamii ya DDT yalikuwamo.

Ushirikiano wa Afrika ya Mashariki ulikuwa umepata pigo kabla ya hayo yote. Jumuiya ilipovunjika mwaka wa 1977 kila nchi ilibaki na jengo lililokuwa katika ardhi yake. Tanzania ilitunga sheria mwaka wa 1979 kuifanya taasisi ya Arusha kuwa yake, na mwaka huo huo ikaanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ilirithi Amani. Majengo yaliweza kurithiwa, lakini desturi ya kupima pande mbili za mpaka kwa kipimo kimoja haikuwa na mrithi.

Desturi hiyo ilirudi kwa njia ya mbali. Kati ya mwaka wa 2000 na 2003 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani, liliendesha tathmini ya sumu zinazodumu kwa kuigawa dunia katika kanda 12. Afrika iliyo kusini ya Sahara ilifanywa kanda moja. Mgawanyo huo una kasoro iliyo dhahiri kwa mtu wa pwani: pepo za msimu, ambazo kwa karne nyingi zimeleta majahazi kutoka Omani hadi Pangani, huleta pia hewa na kila kilichomo, lakini nchi za Ghuba ziliwekwa katika kanda nyingine, ya Bahari ya Hindi. Kwa upande mwingine, Tanga na Dakar zikawekwa pamoja, ijapokuwa hazina mto, upepo wala soko la pamoja. Lakini penye maabara chache pengine hapakuwa na njia nyingine, na kazi ile ilifanya angalau jambo moja kubwa: ilikusanya pamoja vipimo vilivyokuwa vimetawanyika katika tasnifu na makabati ya vyuo vikuu, na kuonyesha jinsi vilivyo vichache.

Wakati huo huo mkataba ulikuwa ukitengenezwa. Mkataba wa Stockholm ulipitishwa mwezi wa Mei 2001 ukitaja kemikali 12 za kwanza, dieldrini na DDT zikiwamo, na ukaanza kutumika mwezi wa Mei 2004. Tanzania iliuridhia mwezi wa Aprili 2004, Uganda na Kenya baadaye mwaka huo huo. DDT haikukatazwa kabisa. Iliachiwa nchi zinazoihitaji kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa, kwa masharti. Lindani iliongezwa katika orodha mwaka wa 2009, na endosulfani, iliyotumika sana katika pamba, mwaka wa 2011. Mkataba pia unataka upimaji wa kudumu wa vitu vichache vilivyochaguliwa, hasa hewa na maziwa ya mama. Hewa hupimwa kwa kisahani cha sifongo kinachotundikwa juu kwa miezi mitatu hivi, bila umeme wala mashine, na hicho ndicho chombo kilichoziwezesha nchi maskini kushiriki. Maziwa ya mama yalichaguliwa kwa kuwa yana mafuta na hupatikana bila kumtoboa mtu, si kwa sababu hayafai kwa mtoto; Shirika la Afya Duniani limesisitiza siku zote kwamba kunyonyesha kuendelee.

Vipimo vya nchi mbili haviwezi kulinganishwa kwa sababu tu vimeandikwa kwa tarakimu. Maabara moja hupima udongo uliokaushwa, nyingine udongo mbichi. Moja huhesabu DDT peke yake, nyingine huijumlisha na DDE. Kwa hiyo sampuli moja hugawanywa na kupelekwa katika maabara nyingi, kila moja ikapima bila kujua jibu la mwenzake, na tofauti zao zikatazamwa. Ni kazi ya kuchosha na isiyo na sifa, lakini pasipo hiyo ramani yoyote ya kanda ni picha ya maabara wala si ya nchi.

Jambo kama hilo lipo katika maneno pia, na hapa ndipo wanalugha wanapohusika. Maandiko halisi ya Mkataba wa Stockholm yako katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Kiswahili kimelazimika kujitafutia maneno yake, na kimeyatafuta katika ofisi mbalimbali kwa wakati mmoja. Neno la watu wote ni dawa: dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya pamba, na dawa ya homa. Neno hili hutaja kitu kwa kusudi la mtumiaji, si kwa tabia ya kitu chenyewe. Mchunguzi akimwuliza mkulima wa Magoma kama alipata kutumia sumu shambani, mkulima aweza kujibu kwa haki kabisa kwamba hakutumia, alitumia dawa. Akiulizwa juu ya dawa, aweza kuanza na mwarobaini. Orodha ya maswali iliyotungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa upesi itatoa majibu yanayotofautiana baina ya Korogwe na Voi, na tofauti hiyo itadhaniwa kuwa ya mashamba.

Serikali ya Tanzania imelikubali neno kiuatilifu, na limeingia katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2020. Ni neno lililoundwa kwa ustadi, likitokana na kuua na tilifu, yaani chenye kuharibu, lenye asili ya Kiarabu. Huko Kenya watu wengi husema viuadudu, au dawa za kuua wadudu tu, na kwa hiyo dawa ya magugu na ile ya kuvu huachwa nje. Ajabu ni kwamba katika elimu ya tiba vidudu vya maradhi vimeitwa vijasumu, na dawa ya kuviua kiuavijasumu. Sumu imepewa mdudu, na kinachoua kimebaki safi.

Tatizo gumu zaidi ni la sifa ya kudumu. Waandishi wengine wameziita kemikali hizi vichafuzi sugu. Neno sugu ni zuri, lenye picha ya ngozi iliyoganda kwa kazi, lakini katika habari za malaria limekwisha kuchukuliwa: mbu sugu ni mbu asiyekufa kwa dawa, kama wale waliogunduliwa katika Nigeria ya Kaskazini miaka ya 1950 wakistahimili dieldrini. Katika taarifa moja juu ya Korogwe, basi, dieldrini itakuwa sugu kwa udongo na mbu atakuwa sugu kwa dieldrini, na msomaji atashindwa kujua ni nani aliyemshinda mwenziwe. Kemikali zinazodumu ni maneno marefu kidogo, lakini hayagombani na jirani. Mabaki nayo yafaa kwa kile kinachopimwa baada ya dawa kutumika, mradi itajwe kama ni mabaki ya dawa ile ile au ya mazao yake.

Neno lisilo na mwenyeji hata sasa ni lile la mahali penyewe, kama Vikuge na Old Korogwe, ambapo ghala limeondolewa na udongo umebaki. Taarifa husema eneo lililochafuliwa. Kwa mgeni anayetafuta pa kujenga au pa kupanda mihogo, maneno hayo huonyesha takataka ambazo mtu aweza kuzifagia.