Dakika 60 za bure

Ujumbe uliingia Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni. "HONGERA! Umezawadiwa dakika 60 BURE. Vigezo na masharti kuzingatiwa." Sikuwa nimeomba, wala sikushiriki bahati nasibu yoyote. Nilikuwa nimeongeza salio siku mbili kabla, basi. Lakini mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mpwa wangu, na katibu wa kamati akipewa dakika 60 haulizi zimetoka wapi. Daftari langu la ahadi lina majina zaidi ya arobaini, na wengi wao wamenyamaza tangu kikao cha kwanza.

Nikaanza na shemeji yangu wa Morogoro. Huyu ukimpigia kumkumbusha mchango, lazima kwanza mpitie mvua, bei ya mpunga na maumivu yake ya mgongo. Siku nyingine huwa namkatisha. Siku hiyo nikamwacha atiririke dakika saba nzima, si bure? Nilipokata simu, salio langu la shilingi 1,500, nililoliweka kwa dharura, lilikuwa limebaki mia mbili na kitu. Dakika 60 zilikuwa palepale, hazijaguswa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, akapokea binti mwenye sauti ya upole. "Kaka, dakika zako zipo. Ni za kupiga ndani ya mtandao wetu tu." Nikamwambia shemeji yuko kwenu miaka yote, namba yenyewe inajieleza. Akanyamaza kidogo, akaangalia. "Huyu alishahama, kaka. Amehama na namba yake."

Tangu Machi 2017 mteja Tanzania anaweza kwenda kampuni nyingine bila kubadili namba. Ni haki nzuri na siilalamikii. Ila zile tarakimu za mwanzo, tulizozoea kuzisoma kama mtu anavyosoma kabila kwenye jina la ukoo, siku hizi zinaweza kukudanganya. Bonasi ya mtandao kwa mtandao inakutaka ujue laini ya kila ndugu yako imelala nyumba gani usiku wa leo. Ukikosea, hupigiwi kengele. Simu inaunganishwa vilevile, sauti inasikika vilevile, na salio linaliwa kimyakimya.

Zamani sharti hilo la kupiga ndani ya mtandao tu lilikuwa na hesabu yake. Mteja wa kampuni moja akimpigia mteja wa nyingine, kampuni ya mpigaji huilipa ile inayopokea simu, kwa kila dakika, kiwango kinachopangwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kabla ya Machi 2013 kiwango hicho kilizidi shilingi mia moja. Kwa gharama hiyo hakuna mfanyabiashara angegawa simu za nje ya mtandao wake bure, labda awe anafunga duka. Ndiyo maana zama zile mtu mmoja alitembea na laini tatu, na simu za laini mbili zikajaa Kariakoo. Mwaka 2013 kiwango kikashushwa hadi shilingi 34.92, mwaka 2018 kikawa 15.60, na kufikia 2022 kilikuwa shilingi 2 tu. Vifurushi vya "mitandao yote" vilienea kadiri tozo hiyo ilivyozidi kupungua.

Sasa kama tozo ilishashuka hadi shilingi 2, kwa nini zawadi bado inafungiwa ndani ya uzio? Nadhani kinachowindwa sasa ni ndugu zako. Mtu mwenye dakika za bure za mtandao mmoja ndiye anayemwambia mama yake, "Mama, nunua laini ya huku, tutaongea bure." Wakala gani wa laini ana ushawishi kama huo?

"Kuna sharti lingine?" nikamuuliza yule binti.

"Dakika kumi ni za mchana. Hamsini ni za kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Zote zinaisha kesho saa nne."

Hapo nikacheka. Kwetu simu ikilia saa nane usiku huwa imebeba habari moja: msiba. Nikimpigia mjomba saa hizo kumkumbusha ahadi yake ya laki moja, shangazi ataanza kulia kabla hajajua ni nani anayepiga. Kampuni inalijua hilo vizuri. Mnara wa simu haulali: unakula umeme au dizeli usiku kucha, uwe umebeba maongezi elfu moja au matatu. Njia zinazosongamana saa mbili usiku zinakuwa tupu saa nane, na kumpa mtu kitu ambacho kingekaa tupu hakukugharimu karibu chochote. Ni kama basi la mkoani linalorudi tupu na kukuambia upande bure, ila linaondoka saa tisa usiku na halikupeleki unakokwenda. Waliowahi kunufaika kweli ni wapenzi. Wapo watu wenye watoto shuleni leo ambao uchumba wao ulijengwa chini ya shuka, kwa kunong'ona, baada ya saa sita usiku.

Masharti haya hayafichwi, ukitaka kuwa mkali wa sheria. Yapo. Redioni huyasikia mwishoni mwa tangazo, yakisomwa kwa kasi ya kondakta wa daladala anayetaja vituo. Kwenye ujumbe wa simu yamefinywa kuwa maneno manne, baada ya "BURE" ya herufi kubwa. Na yapo mengine ambayo hata maneno hayo manne hayakukumbushi: ukiwa na deni la salio la mkopo, vocha unayoongeza hulipa deni kwanza, na kinachobaki huenda kisifike kiwango cha kukupa zawadi.

Wasimamizi nao wamejaribu. Aprili 2, 2021 watu walikuta vifurushi vipya vyenye bei iliyopaa, kelele zikawa nyingi, Serikali ikavisitisha siku ileile. Kanuni zilizotangazwa kipindi hicho zilitaka mteja ajulishwe matumizi ya kifurushi yanapofika asilimia 75, na tena yanapofika 100. Ni jambo jema. Lakini katika dakika zangu saba na shemeji, matumizi ya zawadi yalikuwa asilimia sifuri. Hapakuwa na cha kunijulisha. Kuhusu tarehe ya mwisho, jirani zetu Kenya waliona mapema kwamba inaondoleka: Oktoba 2019 Safaricom ilianza kuuza dakika na data zisizoisha muda. Zile za kununua, lakini. Zawadi haina mtetezi, maana utalalamikaje juu ya kitu ulichopewa?

Mchana ule nilitumia dakika sita kwa dada yangu, ambaye hajahama. Saa saba usiku usingizi ulikataa, nikatoka getini. Mlinzi wetu alikuwa amekaa na redio yake ndogo. Nikamsimulia. Kumbe yeye ni mtaalamu: dakika za usiku ndizo ndoa yake, mkewe yuko Mpwapwa na hulala na simu chini ya mto. Zake za wiki hiyo zilikuwa zimekwisha. Nikamnyooshea simu yangu.

Hakuipokea mara moja. "Ni mtandao gani, bosi?" Nilipomtajia, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akabonyeza namba aliyoikariri.

Ililia mara mbili. Kisha nikasikia, hata pale nilipokuwa nimesimama, sauti ya mwanamke ikipiga ukelele. Namba ngeni, saa nane kasorobo usiku.

"Ni mimi! Mama Neema, ni mimi! Hakuna aliyekufa!" Dakika nne nzima za zawadi yangu zilikwenda kwa kumshawishi.