Je, Wajua Antivirusi Yako Inakujua Kiasi Gani?

Kuna mstari mmoja wa herufi, tarakimu na alama 68 uliotungwa kwa ajili ya kuzijaribu antivirusi. Unaitwa faili la majaribio la EICAR. Ukiuandika kwenye Notepad na kuuhifadhi kwa jina linaloishia na .com, onyo hutokea pembeni ya skrini na faili lenyewe hutiwa karantini. Mstari huo hauna madhara yoyote. Kazi yake ni kuonyesha sentensi moja tu. Wengi wakiona onyo hufurahi kwamba ulinzi unafanya kazi. Wachache hujiuliza: imejuaje?

Imejua kwa sababu imesoma ulichoandika, saa ileile uliyokihifadhi. Na ndivyo inavyosoma barua yako ya kuacha kazi, majibu ya vipimo vya hospitali, orodha ya mishahara ya ofisi na nakala ya pasipoti. Bila kuyasoma mafaili, haiwezi kujua kama yana virusi. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama inaona, bali inapeleka wapi inachokiona, na nani anaweza kukidai.

Inafanyaje kazi?

Programu ya kawaida, kama ya kuandikia au ya kupigia muziki, haina mamlaka makubwa. Antivirusi huingia hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo kila faili linalofunguliwa na kila flashi inayochomekwa hupita mbele yake. Ni kama mlinzi uliyemkabidhi funguo za vyumba vyote: asipokuwa nazo hamkuti mwizi aliyejificha, akiwa nazo hakuna asichoweza kukiona.

Ukubwa wa mamlaka hayo ulionekana tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya Marekani ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 ziliganda. Ndege zilikwama viwanjani na hospitali zikaahirisha huduma. Hapakuwa na mdukuzi. Ni kosa la mlinzi mwenyewe.

Antivirusi hutumia njia tatu. Kwanza, hulinganisha faili na orodha ya virusi vinavyojulikana. Pili, hutazama mwenendo: programu inayoanza ghafla kufungia mamia ya mafaili hushukiwa hata kama ni mpya. Tatu, na hapa ndipo faragha inapoguswa, huuliza makao makuu. Hukokotoa namba ya utambulisho ya faili na kuituma kwenye seva za kampuni. Kama faili hilo halijawahi kuonekana popote, linaweza kutumwa zima likachunguzwe. Baadhi hujiweka pia katikati ya kivinjari na tovuti, zikafungua mawasiliano yaliyofichwa, zikayakagua, kisha zikayafunga tena.

Faili lililosafiri hadi Moscow

Kaspersky ilianzishwa Moscow mwaka 1997. Mwanzilishi wake, Eugene Kaspersky, alihitimu mwaka 1987 katika chuo kilichokuwa chini ya KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, jambo ambalo wapinzani wake hawachoki kulikumbusha. Kwa ubora wa kunasa virusi, kampuni hiyo ilisifika dunia nzima. Ndipo likatokea tukio la mwaka 2014, ambalo kampuni yenyewe ililieleza hadharani mwishoni mwa 2017.

Kwa maelezo yake, mtumiaji mmoja nchini Marekani alipakua nakala ya wizi ya Microsoft Office pamoja na kreki ya kutengenezea namba ya leseni. Kwa kuwa kreki haikuweza kufanya kazi huku antivirusi ikiwa macho, inaonekana aliizima. Kreki ilikuwa na kirusi kinachowafungulia wadukuzi njia ya kuingia. Baadaye aliiwasha antivirusi na kukagua kompyuta nzima mara kadhaa. Antivirusi ilikuta kirusi, lakini ilikuta pia furushi la mafaili lenye zana za kundi la kijasusi liitwalo Equation, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na NSA, shirika la Marekani la ujasusi wa mawasiliano. Kwa kuwa zana hizo zilikuwa mpya kwake, ililituma furushi lote kwa wachunguzi, kama ilivyoundwa kufanya. Mchunguzi alipolifungua alikuta nyaraka zenye mihuri ya siri, na Eugene Kaspersky, kwa maelezo hayohayo, akaagiza zifutwe.

Magazeti ya Marekani yalisimulia mengine. Oktoba 2017 yaliandika kwamba majasusi wa Israel, waliokuwa wamepenya ndani ya mtandao wa Kaspersky, waliwaona wadukuzi wa serikali ya Urusi wakiitumia antivirusi hiyo kutafuta siri za Marekani. Kaspersky ilikana kushirikiana na serikali yoyote katika ujasusi.

Hata ukichukua simulizi la kampuni lenyewe, somo ni zito. Kwa simulizi hilo, kampuni haikuvunja utaratibu wake wowote. Programu ilifanya kazi yake vizuri, na kwa sababu hiyohiyo nyaraka za siri za dola moja zikaishia kwenye seva zilizo chini ya sheria za dola nyingine.

Serikali zilichukua hatua. Septemba 2017 Marekani iliziagiza idara zake za shirikisho kuiondoa Kaspersky. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mamlaka ya Ujerumani ya usalama wa mifumo ya habari iliwashauri watumiaji watafute mbadala. Juni 2024 Marekani ilipiga marufuku kabisa uuzaji wake. Kampuni ilipofunga virago nchini humo, wateja wake wa Marekani walihamishiwa kwa antivirusi nyingine, UltraAV. Wengi waliwasha kompyuta na kuikuta imeshajisakinisha, bila wao kubonyeza kitu.

Bendera rafiki nayo haitoshi

Wapo wanaodhani jawabu ni kukimbilia nchi isiyo na ugomvi na mtu. Avast ilizaliwa Prague mwaka 1988, na toleo lake la bure lilipendwa na mamilioni, pamoja na wengi wa kwetu. Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba data za tovuti wanazotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Kampuni ilidai majina yameondolewa. Lakini kila kifaa kilikuwa na namba yake ya kudumu, na kila mbofyo uliandikwa saa na sekunde. Muuzaji wa mtandaoni anayejua nani alinunua kitu fulani sekunde ileile angeweza kulinganisha kumbukumbu zake na hizo, akampata mtu mwenyewe.

Jumpshot ilifungwa mwezi huohuo. Mwaka 2024 tume ya Marekani ya kulinda wateja, FTC, iliitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data hizo kwa matangazo. Kwa mujibu wa tume, data hizo ziliweza kufichua imani ya dini ya mtu, afya yake na mwelekeo wake wa siasa. Hapo hapakuwa na jasusi wala vita. Palikuwa na biashara tu: bidhaa iliyotolewa bure ilikuwa ikilipiwa kwa njia ambayo mtumiaji hakuielewa.

Na kama kuna anayeamini nchi isiyofungamana na upande wowote, aikumbuke Crypto AG. Kampuni hiyo ya Uswisi iliuza mashine za kufichia mawasiliano kwa serikali zaidi ya 100. Februari 2020 ilifichuka kwamba tangu 1970 ilikuwa mali ya CIA na idara ya ujasusi ya Ujerumani Magharibi, kwa siri. Wateja walilipa fedha zao wenyewe ili wasomwe.

Kwetu sisi, zote ni za kigeni

Mmarekani akisema programu ya kigeni, anamaanisha ya Mrusi au Mchina. Mtu wa Mwanza, Kisumu au Bukavu hana anasa ya kuchagua hivyo. Bitdefender ni ya Romania, ESET ya Slovakia, Trend Micro ya Japani, McAfee na Microsoft za Marekani. Avast na Norton leo ziko chini ya mmiliki mmoja. Orodha ya wakubwa hao haina jina hata moja la Afrika Mashariki.

Kwa hiyo kuuliza tu "ni ya nchi gani?" hakutufikishi mbali. Tunazo sheria: Kenya ilitunga yake ya kulinda data mwaka 2019, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022. Sheria hizo zinampa mwananchi haki, lakini hazifuti amri ya mahakama ya nchi ambako seva zimesimama. Kaspersky imefungua vituo vya uwazi, kimojawapo Kigali, ambako wateja na wadhibiti wanaweza kuikagua misimbo yake. Ni hatua nzuri, ila msimbo uliokaguliwa leo unaweza kubadilishwa na sasisho la kesho.

Basi ufanye nini?

Usiiondoe antivirusi. Kwa mtu wa kawaida, mwizi wa nywila na virusi vya kwenye flashi ya stationeri ni hatari ya karibu kuliko jasusi wa mbali. Ila ujue unachokubali.

Kama unatumia Windows 10 au 11, tayari unayo Microsoft Defender, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha. Kuongeza ya pili ni kuongeza jicho la pili. Ingia kwenye mipangilio ya antivirusi yoyote uliyonayo, utafute kipengele cha kutuma sampuli za mafaili moja kwa moja, uagize ikuulize kwanza. Ondoa viongezi vyake kwenye kivinjari. Mwaka 2019 Mozilla iliviondoa vya Avast kwenye duka lake kwa kukusanya data kupita kiasi. Kabla ya kupakua ya bure, jiulize kampuni inakula wapi. Achana na kreki, maana hata mkasa ule wa 2014 ulianza na kreki.

Kama una siri za watu wengine, yaani wewe ni wakili, daktari, mwandishi wa habari au ofisa wa serikali, ziweke kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Antivirusi nzuri ni ile inayoona mengi na kutuma machache, na mwenye kuiamulia itume kiasi gani ni wewe, ukifungua mipangilio kabla ya kubonyeza "nakubali".