Istilahi za Sauti ya Kuzingira: Spika Sita na Matundu Matatu ya Kompyuta

Katika vitabu vya maelezo vinavyofuatana na kompyuta, ukurasa unaohusu sauti huwa mfupi kuliko kurasa nyingi, na mfasiri huuacha hadi mwisho kwa kuudhani kuwa mwepesi. Kumbe ukurasa huo mmoja umekusanya dhana kadha ambazo Kiswahili ama hakijazipa majina, ama kimezipa majina mawili mawili, ama kimezipa jina moja dhana mbili zinazopingana. Matokeo yake si mzaha. Ofisi au shule iliyonunua spika sita kwa ajili ya ukumbi wake hufuata maelezo neno kwa neno, hupata sauti katika spika mbili tu, na huhitimisha kwamba kompyuta imeharibika au kwamba yapasa inunuliwe kadi nyingine ya sauti. Fedha za umma hutumika kutibu ugonjwa uliomo katika sentensi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi seti ya spika sita inavyounganishwa na chipu ya sauti iliyokwisha kujengwa juu ya ubao mama wa kompyuta, na papo hapo kuzipima istilahi zinazohitajika kwa kazi hiyo. Mambo hayo mawili hayatenganiki, kwani istilahi iliyochaguliwa kabla ya mchaguzi kufahamu kitu chenyewe kinafanya kazi gani huwa ni jina la mtoto asiyezaliwa.

Tuanze na neno maarufu, kipaza sauti. Mtu asemapo kwamba mgeni rasmi alishika kipaza sauti, sote twaelewa kuwa alishika chombo kinachopokea sauti ya mdomo. Asemapo kwamba vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mnara vilisikika hadi bondeni, twaelewa vyombo vinavyotoa sauti. Katika mazungumzo hakuna tatizo, kwa kuwa muktadha huamua. Ama katika maelezo ya kiufundi muktadha hauna nguvu hiyo, kwa sababu chombo kipokeacho na chombo kitoacho huweza kuwa na plagi za aina moja, zenye kipenyo cha milimita 3.5, na matundu yake yamepangwa bega kwa bega nyuma ya kompyuta. Chukua sentensi kama hii: “Chomeka kipaza sauti katika tundu la rangi ya waridi.” Mwenye spika mkononi atatii, na spika itakaa kimya. Hapana kitakachoungua, lakini pia hapana kitakachosikika.

Maoni yangu ni kwamba kipaza sauti kiachiwe mikutano ya hadhara na fasihi, na katika maandishi ya ufundi tutumie maikrofoni kwa chombo kipokeacho na spika kwa chombo kitoacho. Watakuwapo watakaosema kuwa Spika tayari ana kiti chake Bungeni. Ni kweli, lakini sarufi yetu imekwisha kuwatenganisha hao wawili: Spika wa Bunge amenyamaza, spika ya kushoto imenyamaza. Upatanisho wa ngeli umefanya bure kazi ambayo kamati ingeifanya kwa vikao vitatu. Kinasa sauti nacho, ambacho baadhi ya waandishi hukitumia kwa maana ya maikrofoni, heri kibaki kuwa jina la chombo kinachoihifadhi sauti ili isikilizwe baadaye.

Neno la pili linalohitaji tahadhari ni sabufa. Neno hili limeingia mitaani, hasa nchini Tanzania, kupitia madukani, na limekwisha kupanuka maana: mnunuzi aombaye sabufa hupewa seti nzima, yaani sanduku kubwa la besi pamoja na spika ndogo zake. Katika kijitabu cha maelezo, hata hivyo, dhana inayotajwa ni lile sanduku la besi peke yake. Mfasiri atakayeandika “unganisha sabufa na tundu la rangi ya chungwa” atamfanya msomaji wake atafute namna ya kuiingiza seti nzima katika tundu moja. Si kazi yetu kuwafuta wauzaji neno lao. Inatosha kuandika spika ya besi kwa lile sanduku na seti ya spika kwa jumla yake, na kuliacha sabufa liendelee kuishi mahali lilipozaliwa.

Sasa tufikie dhana yenyewe. Kumzungushia msikilizaji sauti si wazo la jana. Mwaka 1940 filamu ya Walt Disney iitwayo Fantasia ilionyeshwa katika kumbi chache za Marekani kwa mtambo ulioitwa Fantasound, ambao ulipeleka sauti katika spika zaidi ya zile za mbele. Katika miaka ya 1970 makampuni ya santuri yalijaribu kuuza mfumo wa spika nne kwa matumizi ya nyumbani. Mfumo huo haukudumu, na miongoni mwa sababu ni kwamba makampuni yalikuwa na taratibu mbalimbali zisizopatana. Mpangilio wa spika sita tunaoushughulikia hapa ulienea kutoka majumba ya sinema, hasa baada ya mwaka 1992, ilipotolewa Batman Returns ikiwa na sauti ya Dolby Digital.

Tuuite nini mpangilio huo? Sauti ya mzunguko lingekuwa jina jepesi, lakini mzunguko hudokeza mwendo, kana kwamba sauti yenyewe inazunguka kama pangaboi, nayo hailazimiki kuzunguka. Mzingo umekwisha kupewa kazi katika hesabu za maumbo, na walimu hawatatushukuru tukiuazima. Kuzingira kunafaa zaidi. Maji huzingira kisiwa, askari huzingira ngome. Aliyezingirwa yuko katikati na vilivyomzingira vimemkabili pande zote. Kwa hiyo katika makala haya natumia sauti ya kuzingira.

Pamoja na jina hilo huja tarakimu 5.1, ambazo zimewapotosha wengi. Tarakimu hizo husomwa “tano nukta moja”, na mwenye kusoma huwaza sehemu ya kumi. Maana yake ni mikondo 5 kamili ya sauti (mbele kushoto, mbele kulia, katikati, na miwili ya kuzingira), na mkondo 1 usio kamili, uliotengwa kwa ajili ya besi, ambao hubeba ngurumo za chini tu, hadi takriban hezi 120. Jumla ni mikondo 6. Vivyo hivyo 7.1 ni mikondo 8. Mfasiri asithubutu kuigeuza nukta hiyo kuwa mkato, wala asiandike “spika tano na kitu”. Neno mkondo nimelichagua kwa makusudi. Chaneli imekwisha kumilikiwa na televisheni, na njia hudokeza kitu kitupu kinachosubiri kupitiwa, hali dhana yetu ni sauti yenyewe iliyorekodiwa peke yake na kusafirishwa peke yake. Wanaohofia kuuchanganya na mkondo wa umeme waandike mkondo wa sauti, na hofu itakwisha.

Tuugeukie upande wa nyuma wa kompyuta. Mafundi wengine huyaita yale matundu jeki. Kwa kuwa jeki katika gereji ni chombo cha kuinulia gari, na kwa kuwa tundu ni neno la Kiswahili linalosema kweli tupu, sioni haja ya mkopo. Kinachoingia humo ni plagi, nacho huchomekwa na kuchomolewa. Plagi yenyewe ina sehemu tatu za chuma zilizotenganishwa na pete nyembamba za plastiki: ncha hubeba mkondo wa kushoto, pete hubeba mkondo wa kulia, na shina ni njia ya kurudia ya mikondo yote miwili. Msomaji akilifahamu hili, hesabu yote iliyobaki hujieleza. Plagi moja hubeba mikondo 2. Mikondo 6 inataka plagi 3, na plagi 3 zinataka matundu 3 ya kutolea sauti.

Hapo ndipo penye kikwazo, maana kompyuta nyingi zina matundu matatu tu, na kati yake ni moja tu lililo la kutolea sauti. Mwongozo uitwao PC 99, uliotayarishwa na Microsoft pamoja na Intel, uliyapa matundu hayo rangi: kijani kwa sauti itokayo, waridi kwa maikrofoni, na samawati kwa sauti iingiayo kutoka chombo kingine, mfano redio. Bodi zenye matundu matano au sita huongeza, kwa desturi, jeusi kwa spika za nyuma, la rangi ya chungwa kwa spika ya katikati na ya besi, na la kijivu kwa spika za pembeni. Mwenye bodi ya namna hiyo hufuatisha rangi na kumaliza. Lakini mwenye matundu matatu huambiwa na kijitabu jambo linaloonekana kuwa la kichaa, yaani achomeke spika za nyuma katika tundu la samawati, na spika ya katikati na ya besi katika tundu la waridi.

Si kichaa. Chipu za sauti za siku hizi zinaweza kuligeuza tundu la kuingizia kuwa la kutolea kwa amri ya programu. Kaida ya Intel ya mwaka 1997, iitwayo AC’97, ilikwisha kuruhusu mikondo 6. Kaida iliyoifuata mwaka 2004, iitwayo HD Audio, inaruhusu mikondo 8 na humwezesha fundi kulibadilishia tundu kazi yake kwa wepesi zaidi. Tendo hili linahitaji jina. Napendekeza kulibadili kazi tundu, maneno yaliyo wazi, badala ya kuunda nomino moja nzito ambayo hakuna atakayeitamka dukani. Angalizo kwa mfasiri ni hili: asilipe tundu jina la kudumu kwa kazi yake. Ukiandika “tundu la maikrofoni” katika ukurasa wa 3, kisha katika ukurasa wa 9 ukamtaka msomaji achomeke spika ya besi “katika tundu la maikrofoni”, atadhani umekosea na atakusahihisha kimoyomoyo. Litaje tundu kwa rangi yake, nawe utakuwa salama.

Tundu halijibadili lenyewe. Kwanza kompyuta iwe na kiendeshi sahihi, yaani programu inayoiunganisha chipu na mfumo wa uendeshaji. Kwa chipu nyingi kiendeshi hicho hupatikana kwa mtengenezaji wa ubao mama. Kisha, katika Windows, mtumiaji hufungua orodha ya vyombo vya kutolea sauti, huchagua spika, na huzisanidi kuwa 5.1, kwa sababu zisiposanidiwa hubaki katika stirio, yaani mikondo miwili. Hatimaye huendesha jaribio, ambamo kila spika hulia kwa zamu. Katika Linux huchaguliwa vivyo hivyo mpangilio wa 5.1 katika kirekebisha sauti, na hapo inafaa kuangalia kama mikondo ya katikati, ya besi na ya kuzingira haikufungwa sauti, kwani mara nyingi spika za mbele hulia vizuri na nyingine huwa zimezimwa katika ubao wa viwango bila mtumiaji kujua.

Sasa lije jambo linalowakatisha watu tamaa kuliko yote. Jaribio limefaulu, spika zote sita zimelia, kisha wimbo unapigwa na ni spika mbili za mbele peke yake zinazosikika. Hapa hakuna kilichoharibika. Wimbo wa kawaida umerekodiwa kwa mikondo 2, na kompyuta yenye uaminifu huipeleka mikondo hiyo 2 inakohusika. Filamu iliyorekodiwa kwa mikondo 6 itazitumia spika zote. Viendeshi kadha vina kitufe cha kuinakili mikondo miwili katika spika zote. Huko ni kujaza spika, na ni kosa kukufasiri kuwa sauti ya kuzingira, maana ni sauti ile ile iliyorudiwa. Tofauti hiyo ni ndogo katika maneno, lakini mwalimu anayetaka tu sauti ifike nyuma ya darasa anahitaji kujaza spika, wala hahitaji kingine.

Tundu la mwanga, lile litoalo sauti kwa waya wa kioo au plastiki, huhitaji maneno machache. Hubeba mikondo 2 ya sauti isiyobanwa. Mikondo 6 hupita humo ikiwa tu imebanwa kwa utaratibu wa Dolby Digital au wa DTS. Filamu kwa kawaida huwa imekwisha kubanwa na hupita. Mchezo wa kompyuta hutunga sauti zake papo hapo, kwa hiyo hutoka katika mikondo 2, isipokuwa chipu iwe na uwezo wa kuibana wakati ule ule. Neno kubana lenyewe linatosha, na linaeleweka hata na asiyewahi kuona kompyuta.

Limebaki suala la mbele, nyuma na pembeni, ambapo watengenezaji wenyewe hawapatani. Pendekezo la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, BS.775, huziweka spika mbili za mbele nyuzi 30 kila upande kutoka katikati, na zile mbili za kuzingira kati ya nyuzi 100 na 120, ambako ni pembeni mwa msikilizaji na nyuma kidogo. Lakini tundu lake huitwa la nyuma, na baadhi ya orodha za Windows huziita spika hizo za pembeni. Katika 5.1 ni salama zaidi kuziita spika za kuzingira na kutoa nyuzi zake. Majina ya nyuma na pembeni yawekewe 7.1, ambamo jozi zote mbili zipo. Spika ya besi huweza kukaa popote sakafuni, kwa kuwa sikio halitambui kwa urahisi ngurumo za chini zimetoka upande gani. Na ikiwa katika jaribio sanduku la besi litajaribu kusema maneno huku spika ya katikati ikinguruma, basi mtengenezaji wa spika amevipa ncha na pete kazi kinyume na mtengenezaji wa chipu. Viendeshi vingi vina kitufe cha kubadilishana mikondo hiyo miwili. Kikikosekana, waya wa kubadilishia huuzwa kwa bei ndogo.